Ziara Iliyopita Kariokor Bila Kusimama

Nairobi imeanza kuuza kutembea. Zamani ukitembea mjini watu walijua huna nauli. Siku hizi unalipa mia kumi na tano, unaambiwa uje na viatu vizuri na chupa ya maji, halafu kijana mwenye kipaza sauti kidogo shingoni anakuzungusha mahali ambapo matatu ingekupitisha kwa shilingi hamsini. Silalamiki. Mji usiotembelewa kwa miguu haujulikani, na sisi tuliokulia hapa tunaujua kwa majina ya steji tu. Muulize mtu wa Nairobi Pangani ni nini, atakwambia ni pale magari yanapokwama ukienda Thika Road.

Kwa hivyo nilipoona tangazo la ziara ya kutembea "makaburi ya kale na mitaa ya ajabu ya Nairobi", nilijiandikisha. Tulikuwa watu kumi na wanane, wengi wa rika langu, wachache wakiwa na kamera kubwa. Sitataja waandaaji. Ni wachanga, wanajaribu, na kasoro ninayotaka kuizungumzia si yao peke yao. Nimeiona kwenye makala, kwenye podikasti, kwenye kurasa za picha za zamani zinazosambazwa kila wiki. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo msinichukulie kama mtaalamu wa historia. Mimi huandika kuhusu vitabu na michezo ya kuigiza, na ziara hii nitaihakiki hivyo hivyo, kama hadithi. Msimuliaji humjua kwa mahali anaposimama, na humjua zaidi kwa mahali anapopita bila kusimama.

Kwanza, yaliyofanywa vizuri. Tulianzia City Park, Parklands, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. City Park ni msitu uliobaki katikati ya mji, wenye kima wanaokupokonya ndizi mkononi kama kanjo. Mwaka 2009 ulitangazwa kuwa turathi ya taifa, baada ya miaka mingi ya watu kuumegamega. Ndani yake kuna makaburi, na kaburi moja pale lingetosha kuwa ziara nzima.

Ni kaburi la Pio Gama Pinto. Mwelekezi wetu alitusimamisha, akazima kipaza sauti, akaongea kwa sauti yake ya kawaida. Alitueleza kuhusu tarehe 24 Februari 1965, asubuhi, Westlands, gari likiwa langoni, binti yake akiwa kiti cha nyuma, kisha risasi. Pinto alikuwa na miaka 37. Kenya huru ilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tu. Alitueleza kuhusu Kisilu Mutua, aliyefungwa kwa mauaji hayo akiwa kijana, akashikilia miaka yote kwamba hakuua, akatoka mwaka 2001 kwa msamaha wa rais. Hakuna aliyeshika simu. Hata wale wa kamera walitulia.

Lakini hapo hapo ndipo nilianza kuwa na wasiwasi. Dakika ishirini za Pinto zilikuwa dakika ishirini za kifo chake. Nani alimuua? Nani alituma? Kila mtu ana jibu lake, na mwelekezi alijua kutuacha tukining'inia. Ila mtu ambaye hakuwahi kumsikia Pinto angeondoka pale akijua namna alivyokufa bila kujua aliishi vipi. Hakuambiwa kwamba Pinto, Mkenya mwenye asili ya Goa, alizaliwa papa hapa Nairobi, akawa mwandishi wa habari, akasaidia wapiganaji wa Mau Mau, akafungiwa kizuizini kuanzia 1954 hadi 1959. Hakuambiwa kwamba alisukuma suala la ardhi bungeni na nje ya bunge wakati ambapo wenzake wengi walikuwa wameanza kuonja utamu wa mashamba. Ukiondoa hayo, unabaki na filamu ya upelelezi. Na mtu aliyeuawa kwa sababu ya alichosema anauawa tena pale tunapokumbuka risasi na kusahau maneno.

Hatua chache kutoka hapo wamelala Joseph Murumbi na mkewe Sheila, kwenye bustani ya ukumbusho yenye sanamu za wasanii wa Afrika. Murumbi, mama Mmaasai na baba Mgoa, alikuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya mwaka 1966, akajiuzulu kabla ya mwaka kwisha. Alikufa 1990, akazikwa karibu na rafiki yake Pinto kama alivyotaka. Mwelekezi aliligusa hili kwa sentensi moja, "walikuwa mabeste", tukacheka, tukasonga.

Ningetamani tungekaa hapo. Fikiria kidogo. Wengi wetu tukipanga kukutana mjini tunasema "tupatane Archives". Tunasimama nje ya lile jengo la Moi Avenue tukingoja mtu aliyesema yuko karibu na bado anaoga. Ghorofa ya chini mle ndani kuna ukumbi wenye jina la Murumbi, na vitu alivyovikusanya maisha yake yote. Umemngoja mpenzi wako mlangoni kwa Murumbi miaka kumi na hujui. Hiyo ndiyo kazi ambayo ziara pekee inaweza kufanya, kukuonyesha kwamba tayari uko ndani ya hadithi. Kitabu hakiwezi kukusimamisha mahali.

Na kuna jambo kubwa zaidi pale, nalo ndilo lililonikaa kichwani njia nzima. Murumbi alichagua kuzikwa Nairobi. Kwa Mkenya, hilo si jambo dogo.

Mnajua jinsi tunavyozika. Mtu anaweza kuishi Umoja miaka arobaini, akasomesha watoto huko, akalipa kodi huko, akaugua huko. Akifa, kuna mchango, kuna kamati, kuna basi la usiku, anapelekwa "nyumbani". Nairobi ni mahali pa kutafuta, si mahali pa kulala. Kesi ya S.M. Otieno ilituwekea jambo hili wazi. Wakili huyo alifariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka amzike Matasia, upande wa Ngong, karibu na mji walioishi. Ukoo wa Umira Kager ukasema la, Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ulikaa mochari miezi mitano watu wakipambana mahakamani. Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Nyumba ya mjini, iwe kubwa namna gani, ilihesabiwa kuwa makazi tu. Nyumbani ni kwingine.

Sasa sisi je? Mimi nilizaliwa Nairobi. Shags nimeenda mara sita au saba, mara nne kati ya hizo zikiwa mazishi. Shangazi zangu wananiuliza swali kwa lugha ya mama, nawajibu kwa Kiswahili, wanacheka kwa upole. Rafiki zangu wengine hata hapo pa kwenda hawana, shamba liliuzwa zamani au mama hakuwahi kuolewa. Nao makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kujaa tangu 1996 na watu bado wanazikwa humo. Kwa hivyo swali la makaburi ya Nairobi si swali la watu wa zamani wenye kofia. Linatuuliza nani anahesabiwa kuwa mtu wa mji huu, kiasi kwamba mji unamwekea nafasi akiwa hai na akifa.

Ziara ilikuwa na swali hilo mkononi tangu kituo cha kwanza. Ikaliangusha.

Kutoka City Park tuliteremka hadi makaburi ya Forest Road, ambayo barabara yake sasa inaitwa Profesa Wangari Maathai. Hapa ndipo kipaza sauti kilirudi. Hapa ndipo kuna misalaba ya mawe, majina ya walowezi, maneno ya Kiingereza yaliyochongwa kwa mkono, nyasi ndefu. Mwelekezi alikuwa amejitayarisha sana. Alikuwa na kisa cha mlowezi huyu na ugonjwa ule, mtoto yule na homa ile, na mzimu mmoja wa lazima. Tulikaa karibu dakika hamsini. Nilihesabu, kwa sababu jua lilikuwa linanichoma kisogo.

Sina shida na wafu wa Forest Road. Mtoto aliyekufa kwa malaria mwaka wowote ni mtoto. Shida yangu ni hesabu. Kaburi lenye jiwe lina kisa kwa sababu lina jina, na lina jina kwa sababu kulikuwa na pesa na serikali iliyojali. Mwelekezi akifuata mawe tu, anafuata pesa bila kujua. Anadhani anasimulia historia ya mji, kumbe anasoma orodha ya waliomudu fundi wa mawe.

Halafu tukaingia "mitaa ya ajabu". Neno hilo lilinikwaruza tangu kwenye tangazo, na barabarani likazidi. Ngara ni ya ajabu kwa nani? Tulipita kati ya nyumba za mawe zilizojengwa enzi za Wahindi wa reli, tukapita kwenye mitumba, tukapita mama anayekaanga viazi. Wenzangu walipiga picha. Ngara walituambia "mchanganyiko wa tamaduni", kauli unayoweza kuisema kuhusu soko lolote duniani. Kule makaburini kila mfu alikuwa na jina, umri na kazi. Huku kwa walio hai hakuna aliyekuwa na jina. Walikuwa mandhari.

Tukafika Kariokor.

Kariokor tulipewa dakika nne. Walituambia ni soko maarufu la akala, vyondo na nyama choma. Kweli. Mzee mmoja aliyekuwa akigonga misumari kwenye akala alitutazama tukimzunguka na kamera, akauliza, "Vijana, mnapiga picha viatu ama mnanunua?" Wawili walinunua. Tukaondoka. Na mimi nikabaki nimekodoa macho, kwa sababu tulikuwa tumelipita kaburi kubwa kuliko yote ya siku hiyo na hakuna aliyevua kofia.

Jina lenyewe ndilo kaburi. Kariokor ni Carrier Corps, jeshi la wachukuzi, lililomegwa na ndimi zetu mpaka likawa letu, kama vile Kariakoo ya Dar es Salaam. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, Waingereza waliowinda jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck walihitaji watu wa kubeba risasi, unga na majeruhi mahali pasipo na reli wala barabara, na ambapo mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Wakachukua wanaume, wengi kwa nguvu, kutoka kila pembe ya nchi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, njaa na homa kuliko kwa risasi. Kambi yao Nairobi ilikuwa hapa. Vita vikaisha, jina likabaki.

Jina la mahali, lakini si majina yao. Jumuiya ya Madola ilikuwa na tume yake ya makaburi ya vita, na kanuni yake ilikuwa nzuri kwa maneno: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, jenerali na askari wa kawaida wapate jiwe sawa. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti kuhusu yenyewe na kuomba radhi. Ripoti ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilitaja pia kwamba gavana wa Gold Coast alikuwa amedai mwenyeji wa kawaida hangeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Badala ya majina, wachukuzi wetu walipewa sanamu. Ile ya Kenyatta Avenue, iliyozinduliwa 1928, ina watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mchukuzi. Unapita chini yake ukienda kutoa pesa benki. Ni mtu mmoja asiye na jina, anayewasimamia maelfu.

Mwelekezi mzuri angesimama katikati ya soko lile, kelele za nyundo zikiendelea, aseme: hapa hakuna jiwe, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Dakika hamsini za Forest Road zingepata maana hapo. Tungeelewa kwa nini mtoto wa mlowezi ana malaika wa mawe na baba ya babu yako ana steji.

Na pangemwezesha kusema jambo gumu zaidi, maana Kariokor haina somo moja tu. Kuna makaburi ya Waislamu hapo karibu, na mahali pa Wahindu pa kuchomea maiti. Katika mazishi ya Kiislamu kaburi hutakiwa kuwa la kawaida, bila majivuno, tajiri na maskini ndani ya sanda ile ile. Mhindu huchomwa, majivu yakaenda majini. Na hapo hapo, Oktoba 2011, ndipo alipochomwa Wangari Maathai, ambaye alikuwa ameagiza mti usikatwe kwa ajili yake. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, gugumaji na mafunjo. Tulikuwa tumetembea kwenye barabara yenye jina lake saa moja kabla. Njia ya ziara ilikuwa inaunganisha jina lake na moto wake, na hakuna aliyesema.

Kwa hivyo kukosa jiwe si lazima iwe dharau. Kuna anayelikataa kwa imani yake au kwa mapenzi yake ya miti, na kuna anayenyimwa na karani aliyeamua kwamba watu wa namna yake hawahitaji jina. Tofauti hiyo inaonekana yote ndani ya mita mia chache za mtaa mmoja. Sijui ziara gani duniani inayopata zawadi kama hiyo na kuitumia kuuza akala.

Tulimalizia kwa nyama choma. Mwelekezi akauliza kama kuna maswali. Nilimuuliza kwa nini hatukuendelea mbele hadi Pumwani, kilomita moja hivi. Akanijibu kwa uaminifu nilioupenda: "Bro, kule hakuna kitu cha kuonyesha."

Hapo ndipo tunapotofautiana. Pangani ya zamani ilikuwa kijiji cha Waafrika na Waswahili, watu waliojenga nyumba zao wenyewe Nairobi ikiwa bado changa. Walikuwa watu wa mjini kabla hatujabuni neno hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji kikabomolewa, wakazi wakapelekwa Pumwani, lililokuwa eneo rasmi la Waafrika tangu miaka ya 1920, na Shauri Moyo, uliojengwa kwa ajili yao. Leo Pangani hakuna ukuta wala kibao cha kijiji kile. Ni kweli hakuna kitu cha kuonyesha. Ila kuna cha kusimulia, na kuna wajukuu wa watu hao wanaoishi Majengo mpaka sasa, ambao ukiwauliza kwao ni wapi hawatakutajia kijiji chochote cha shags. Watasema hapa. Hao ndio watu wa Nairobi kuliko mlowezi yeyote wa Forest Road, na ndio waliohamishwa.

Mtu anaweza kuniambia nimetaka mengi mno kwa mia kumi na tano. Labda. Watu wamekuja Jumamosi kupumzika, hawakuja kuhutubiwa. Lakini sidai mahubiri. Mwelekezi wetu ana kipaji. Pale kwa Pinto alinyamazisha watu kumi na wanane bila kupaza sauti, na wapo waigizaji wa kulipwa wasioweza hilo. Anachokosa ni imani kwamba mambo yasiyo na marumaru yanaweza kushika watu vile vile. Ukweli ni kwamba yangewashika zaidi. Wengi wetu pale tulikuwa watoto wa mji tusio na uhakika kama mji unatutambua. Ukitusimamisha Kariokor ukatwambia jina hili lilitoka wapi, hutahitaji mzimu.

Je, uende? Nenda. Ulipie, maana kijana anayelipwa kujua mji wake ni jambo zuri, na City Park peke yake inarudisha pesa yako. Vaa viatu vizuri kweli, usishike ndizi. Pale kwa Pinto uliza aliamini nini kabla hujauliza nani alimuua. Mkifika Kariokor, kundi likianza kuondoka, wewe baki. Nunua akala kwa yule mzee, muulize jina lake, kisha waambie wenzako wasubiri kidogo.